Heri ya Krismasi kwa jirani asiyeisherehekea

Krismasi ya 2026 inaangukia Ijumaa, na ya 2027 inaangukia Jumamosi. Kwa mtaa wa Wakristo watupu hilo si neno. Lakini katika nyumba ya kupanga ya Magomeni au Kisauni, ambako chumba kimoja kina Mwislamu, cha pili Msabato, cha tatu Shahidi wa Yehova, na wewe uko cha nne unamenya vitunguu vya pilau tangu alfajiri, siku ya wiki inaamua nani atakaa mkekani na nani atakosa.

Chukua hiyo Ijumaa. Dar es Salaam mwishoni mwa Desemba adhuhuri inaingia karibu saa sita na nusu. Kuna hotuba, kuna swala, kuna kusalimiana nje ya msikiti, na wanaume wanarudi nyumbani saa saba na nusu hivi. Ukitangaza "chakula saa saba mchana", umewaalika wake na watoto, baba wa nyumba umemwacha nje bila kukusudia. Msabato naye Sabato yake inaanza jua linapozama Ijumaa hiyo hiyo, kabla ya saa moja jioni, na kabla ya hapo anataka awe ameshaoga, ameshapika vya kesho na ametulia. Ukimwita saa kumi na moja, atakuja akiangalia saa. Basi muda unaowafaa wote ni mmoja: saa nane mpaka saa kumi. Mwaka unaofuata, Jumamosi, Waislamu huna haja ya kuwapangia, ila Msabato atakuwa kanisani asubuhi na hataki shughuli za karamu mchana wake. Yeye mkaribishe jua likishazama, saa moja na nusu usiku. Chakula mwekee pembeni mapema, asije kukuta makombo.

Nimeanza na saa kwa sababu ndipo ukarimu mwingi unapoharibikia, na watu hudhani umeharibikia kwenye imani. Krismasi ina mambo matatu ndani yake: salamu, ibada na sahani. Mtu anaweza kupokea moja na kuacha mawili, au kupokea mawili na kuacha moja, na bado akawa jirani mwema kabisa. Makosa karibu yote yanatokana na kuyafunga matatu hayo kwenye furushi moja, kana kwamba aliyekula pilau ameungama, na aliyekataa kuimba amekutukana.

Nianze na salamu kwa upande wa Waislamu, maana hapo pana maneno mengi kila Desemba. Waislamu wanamwamini Isa bin Maryamu kuwa ni mtume, wanaamini alizaliwa na bikira, na Qur'ani ina sura nzima yenye jina la mama yake, sura ya 19. Wasichokubali ni kwamba ni Mwana wa Mungu. Kwa hiyo swali kwao ni je, kumwambia Mkristo "Heri ya Krismasi" ni kumtakia jirani heri, au ni kukiri kwamba aliyezaliwa ni Mungu? Wanazuoni wamegawanyika kweli. Ibn al-Qayyim, mwanazuoni wa Dameski wa karne ya 14, alikataza vikali kupongezana katika sikukuu za kidini za wengine, na Ibn Uthaymin wa Saudi Arabia alifuata njia hiyo hiyo. Yusuf al-Qaradawi na taasisi ya fatwa ya Misri, Dar al-Ifta, wameruhusu salamu ya wema, wakitegemea aya ya 8 ya sura ya 60, inayoruhusu kuwafanyia hisani wasiokupiga vita, na aya ya 86 ya sura ya 4, inayoagiza anayeamkiwa ajibu kwa maamkio mazuri zaidi au mfano wake. Wote hao wanakubaliana kwamba kushiriki ibada yenyewe hakuna.

Kwa hiyo Waislamu wawili wa nyumba moja, kaka na dada, wanaweza kukujibu tofauti, na wote wawili wana mwalimu wa kumtaja. Mmoja atakuambia "Nanyi pia, heri ya Krismasi". Mwenzake atasema "Ahsante, sikukuu njema". Huyo wa pili hajakununia. Amechagua neno ambalo halimgusi dhamiri, na Kiswahili kina bahati ya kuwa na maneno hayo tele.

Maneno yenyewe ndiyo haya. Kwa Mkristo mwenzako sema utakavyo: "Heri ya Krismasi", "Noeli njema", "Bwana asifiwe, Mwokozi amezaliwa", au kwa Mkatoliki "Tumsifu Yesu Kristo" ukisubiri "Milele amina". Kwa jirani Mwislamu usipeleke ile ya Mwokozi. "Heri ya Krismasi" peke yake inatosha, anaweza kuipokea bila kubanwa. Ukimwandikia "Leo Mwana wa Mungu amezaliwa kwa ajili yako", umempa sentensi inayogongana na sura ya 112, isemayo Mungu hakuzaa wala hakuzaliwa, aliyoihifadhi tangu madrasa, halafu unasubiri aitikie amina. Atafanyaje? Atakaa kimya, nawe utasema jirani amebadilika.

Upande wa pili nao una kosa lake. Mkristo akisema "Krismasi ni kesho", jibu si "lakini Isa hakuzaliwa Desemba". Huo ni mjadala, una siku yake. Mwislamu anayeona uzito kutamka neno Krismasi ana dua safi isiyo na ubishi: "Hongereni kwa kuifikia sikukuu, Mungu awape afya na amani nyumbani kwenu." Hakuna Mkristo atakayeona pengo hapo. Na kwa mzee, awe wa dini yoyote, shikamoo inatangulia. "Shikamoo bibi. Marahaba mwanangu. Za sikukuu?" Ukiruka shikamoo ukaenda moja kwa moja kwenye Krismasi, bibi hatakumbuka ulimtakia heri, atakumbuka hukumwamkia.

Kwenye makundi ya WhatsApp ya mtaa au ya kazini, kuna jambo dogo linaloleta maudhi kila mwaka: picha ya hori la Betlehemu yenye aya ndefu, ikifuatwa na "semeni Amina". Katika kundi la familia ya kanisa iko mahali pake. Katika kundi la wapangaji waliokutana kwa ajili ya bili ya maji, inawalazimisha nusu ya watu kuchagua kati ya kukiri na kunyamaza. Andika mstari mmoja: "Sisi tunaoadhimisha kesho, heri ya Krismasi. Majirani wote, karibuni kuanzia saa nane." Inatosha, na kila mtu ana la kujibu.

Mashahidi wa Yehova ni habari nyingine, na wengi wanawakosea kwa kuwadhania kuwa ni Wakristo wakaidi tu. Hawaadhimishi Krismasi kabisa. Makao yao makuu, wakati huo yakiwa Brooklyn, New York, yaliiadhimisha kwa mara ya mwisho mwaka 1926. Hawaadhimishi pia siku za kuzaliwa, wala mwaka mpya, kwa hiyo mbinu ya kusema "basi heri ya mwaka mpya" haikutoi. Ukimsalimia atakujibu "asante" kwa upole na kuishia hapo, na ni vizuri nawe uishie hapo. Ukitaka kumpa zawadi, na wengi wanataka kwa sababu ni majirani waaminifu, mpe tarehe 10 Januari au wiki ya pili ya Desemba, bila karatasi yenye kengele na nyota, bila kusema "Krismasi yako hii". Ataipokea kwa mikono miwili. Kitu kile kile, tarehe 25, kinamweka katika shida ya kukurudishia.

Wasabato wako katikati, na hawafanani. Kanisa lao haliitazami 25 Desemba kama siku takatifu, wala haliwakatazi waumini kukaa na familia. Utakuta mmoja anaitikia salamu na kula, mwingine anakwambia Biblia haikutaja tarehe. Hilo la tarehe ni kweli. Injili ya Luka haina tarehe, na kumbukumbu ya zamani zaidi ya 25 Desemba tuliyo nayo inatoka Roma, mwaka 336. Wala si Wasabato walioanza kulisema. Bunge la Uingereza chini ya Wapuritani, Waprotestanti wenye msimamo mkali, lilipiga marufuku Krismasi mwaka 1647, na koloni la Massachusetts lilitoza faini ya shilingi 5 kwa aliyeisherehekea, kuanzia 1659 mpaka 1681. Mkristo anayekataa Krismasi kwa sababu za Kikristo ana ukoo mrefu, kwa hiyo kumwita "nusu Mwislamu", kama wengine wanavyotania mitaani, ni kuwakosea watu wawili kwa mpigo mmoja.

Kisha kuna wanaoiadhimisha, ila si siku yako. Waethiopia na Waeritrea wa Orthodoksi, ambao Nairobi wako wengi, na Wakopti wa Misri pia, wanafuata kalenda za kale zilizo nyuma ya hii yetu kwa siku 13. Krismasi yao, ambayo Waethiopia wanaiita Gena, huwa 7 Januari. Tarehe 25 Desemba wao wako ndani ya mfungo wa siku 43: hawali nyama, maziwa wala mayai. Hapa ndipo mtu mwema anapompelekea Mhabeshi sahani ya pilau ya ng'ombe na keki ya mayai manne, kisha anashangaa kuiona imegaiwa kwa watoto wa mlinzi. Mpelekee wali wa nazi na maharage, au matunda, na tarehe 7 Januari mpigie simu umwambie "Melkam Gena". Usichanganye hapo na Waorthodoksi wa Kenya walio chini ya Patriarki wa Kigiriki wa Aleksandria: hao Krismasi yao ni 25 Desemba kama yako.

Sasa sahani. Katika pwani yetu sahani inabeba salamu kuliko mdomo, kwa hiyo inataka uangalifu kuliko maneno.

Kwa Mwislamu, jambo la kwanza ni aliyechinja. Qur'ani, sura ya 5 aya ya 5, imehalalisha chakula cha waliopewa Kitabu, na wapo wanaoichukua aya hiyo kama ilivyo. Lakini Waislamu wengi wa Afrika Mashariki wanataka mnyama aliyechinjwa na Mwislamu, na si kazi ya mwenyeji kumfundisha mgeni aya yake. Ni jambo zito. Februari 2013, huko Buseresere mkoani Geita, mvutano wa nani achinje nyama ya kuuza ulifika hadi mchungaji wa kanisa kuuawa. Na suluhisho la nyumbani ni jepesi ajabu: kuku au mbuzi akifika, mwite jirani mwenyewe, au mzee wa msikitini, achinje. Ni dakika tano. Aliyechinja atakula bila shaka yoyote, na atawaambia wengine. Ukinunua nyama buchani, nunua kwa mchinjaji anayejulikana mtaani na umtaje jina unapowakaribisha wageni.

La pili ni vyombo, na hapa ndipo nia njema inapoteleza. Kuku amechinjwa vizuri, halafu anachomwa kwenye wavu ule ule uliochoma kitimoto jana usiku. Au anakaangwa kwenye mafuta yaliyobaki ya soseji ambazo hakuna aliyesoma karatasi yake. Au anakatwa kwenye ubao ule ule. Kama nyumba yako inapika nguruwe, usijaribu kugawa jiko nusu kwa nusu siku ya wageni. Pika cha wageni kwanza, katika sufuria, mwiko, kisu na ubao ambavyo havikugusa nguruwe, ukifunike ukitoe nje, ndipo uendelee na chako. Kama huna vyombo vya ziada, sufuria ya kuazima kwa jirani huyo huyo Mwislamu ni njia ya heshima sana, na haina aibu.

La tatu ni pombe, nayo hujificha. Keki ya Krismasi ya matunda aghalabu matunda yake hulowekwa katika brandi au ramu kwa siku kadhaa, na tanuri haiondoi yote. Nyama hulowekwa bia ili ilainike. Loweka matunda katika juisi ya machungwa yenye kijiko cha asali usiku kucha, keki haitapungua kitu. Na chupa mezani zina maana: Waislamu wengi hawakai kwenye meza inayonywewa pombe hata kama wao wana soda. Wanywaji wakae baadaye, wageni wakishaondoka. Hiyo inamfaa Msabato pia, asiyegusa pombe wala nguruwe.

Wenyeji wa Tanga au Mombasa husema "basi tupike vya baharini, hivyo havina dini". Vina. Msabato hali pweza, ngisi, kaa wala kamba, na bara hali kambare, kwa sababu hawana magamba. Shia Ithnaasheri naye hali pweza, ngisi na kaa, ingawa kamba anamla. Samaki mwenye magamba, changu au tasi, ndiye anayepita kwa wengi, isipokuwa Wahindu wengi wasiokula nyama wala samaki, na Wajaini, ambao hata kitunguu, saumu na kiazi hawagusi. Kwa hao wa mwisho usijaribu ufundi. Peleka maembe, ndiyo msimu wake, na korosho.

Pilau ya kugawa ina hesabu yake. Kilo 1 ya mchele hutoa sahani 7 au 8 za mtu mzima. Nyumba ya watu sita inayotaka kupeleka majirani watano, kila mmoja sahani ya kutosha watu wawili, isipike chini ya kilo 2. Kwa kila kilo: vitunguu maji 4 vikubwa vikaangwe mpaka viwe kahawia kweli, bizari nzima vijiko 2 vya chai, pilipili manga kijiko 1, hiliki punje 6, karafuu 6, mdalasini vijiti 2, saumu na tangawizi iliyotwangwa kijiko kikubwa kimoja. Supu vikombe 3 kwa vikombe 2 vya mchele, ongeza robo kikombe ukiona mchele ni mkavu. Kinachoharibu pilau ya kupeleka ni viazi na kufunika kwa plastiki ingali ya moto: mvuke unarudi chini, kiazi kinachacha kwanza, na jua la Desemba linamalizia. Kama sahani itasafiri zaidi ya nyumba mbili, acha viazi, iache ipumue dakika kumi, ndipo uifunike kwa kawa au kitambaa safi. Kachumbari iende katika bakuli lake, bila kumwagwa juu.

Chombo ukipelekewa, usikirudishe kitupu wala usikirudishe siku hiyo hiyo, utaonekana unalipa deni. Kitarudi Idi na vitumbua, au katikati ya Januari na sukari robo ndani yake. Wakristo wengi wanasahau upande huu: wanapeleka sana Desemba, kisha Idi ikifika hawana salamu. Andika tarehe. Idi inategemea mwezi kuandama, Tanzania mtasubiri BAKWATA, baraza kuu la Waislamu, Kenya mtasubiri Kadhi Mkuu, lakini wiki yake inajulikana mapema.

Kazini jambo kubwa ni zamu. Hospitalini, kwenye ulinzi, kwenye hoteli, mpango wa haki ambao watu wenyewe huufikia ni Waislamu kushika 24 usiku na 25, Wakristo kushika Idi zote mbili. Unavunjika mahali pamoja: Krismasi ina tarehe, Idi haina. Anayepanga zamu anamwandikia Mkristo siku moja ya Idi, mwezi hauonekani, Idi inasogea kesho yake, na Mwislamu aliyefanya kazi Krismasi nzima anajikuta kazini tena. Andikeni siku mbili mfululizo kwa kila Idi tangu Desemba, kwa maandishi. Na mchango wa sherehe ya ofisi utenganishwe: cha chakula mfuko wake, cha sadaka au zawadi ya mchungaji mfuko wake, na jina la mtu lisiingizwe kabla hajasema ndiyo. Iiteni chakula cha kufunga mwaka kama kweli ni cha wote.

Kwa walioko Uarabuni, Oman kwa mfano, Krismasi si sikukuu ya serikali, ingawa makanisa ya Ruwi, Muscat, hujaa. Wikiendi ya Oman ni Ijumaa na Jumamosi, kwa hiyo 2026 na 2027 zinaangukia vizuri. Hata hivyo mfanyakazi wa nyumbani aombe ruhusa wiki mbili mapema na aseme saa ya kwenda na ya kurudi, maana waajiri wengi wanakataa kwa kutojua ibada inachukua muda gani kuliko kwa kuichukia.

Na haya ya kupishana si mageni kwetu. Kanisa kuu la Kianglikana la Mkunazini, Zanzibar, lilianza kujengwa 1873, mwaka ule ule soko la watumwa lilipofungwa, mahali pale pale pa soko, na ibada ya kwanza ikafanyika Krismasi ya 1877. Inasimuliwa kwamba saa ya mnara wake ilitoka kwa Sultani Barghash, kwa sharti mnara usizidi urefu wa jumba lake la Beit al-Ajaib. Sultani Mwislamu alitoa saa, hakutoa imani yake, na askofu aliipokea.

Kuna jambo moja la kujiandaa nalo mapema. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku 11 hivi, na Ramadhani inarudi Desemba kama ilivyokuwa 1998 na 1999. Kwa hesabu za mwezi, Krismasi ya 2031 na ya 2032 zitakuwa ndani ya Ramadhani, na ya 2033 itafuata siku moja au mbili baada ya Idi. Miaka hiyo miwili ya kwanza sahani haipelekwi saa nane, na jiko la uani halichochewi mchana mbele ya mlango wa jirani aliyefunga. Pilau ianze kupikwa alasiri. Ipelekwe dakika kumi kabla ya magharibi, ingali ya moto, na tende tatu pembeni.